Patalo ya baba na mbayuwayu wanaoshuka

Ukitaka kubadilisha jinzi ya zamani nyumbani, tenga jioni moja ya kushona na jioni tatu za kufumua. Mimi nilitenga jioni moja kwa yote mawili. Ilikuwa Jumanne, nimefunga meza yangu ya mayunite, yaani vocha za simu, mapema kwa sababu ya mvua, nikajiambia kesho yake naivaa. Nilikuja kuivaa Jumapili ya wiki iliyofuata, na hata Jumapili hiyo kulikuwa na pini imesahaulika kwenye mguu wa kulia. Niliigundua kanisani, wakati wa kupiga magoti.

Jinzi yenyewe ilikuwa ya baba. Sisi hapa Lubumbashi tunasema patalo. Iwe ya jinzi, ya kitambaa au ya shule, zote patalo. Hii ilikuwa imelala miaka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi, juu ya koti lake la harusi, pamoja na naftalini zilizokwisha kuyeyuka zikabaki kama punje za mchele. Aliinunua zamani kwa mtu aliyekuwa akienda na kurudi Ndola kuleta mabalo ya nguo kuukuu. Wenzetu wa Zambia nguo hizo wanaziita salaula, yaani kuchakura rundo mpaka upate chako. Baba anasema hakuchakura. Aliiona juu ya rundo, akaishika, akalipa. Kazini alivaa salopeti kama wote. Patalo hii ilikuwa ya Jumapili na ya siku za mpira.

Niliomba ruhusa kwa mama. Baba sikumuuliza, na hilo tutalirudia.

Utauliza kwa nini sikuchukua mojawapo ya zangu. Ninazo mbili za kubana, zile ambazo kuzivua lazima ulale chali na mtu akuvute miguu. Mdogo wangu ana miaka 19, na akiniona nazo anasema, "Yaya, ile ni ya bamama." Vijana sasa wanataka mguu mpana, kama ule wa wajomba zetu kwenye picha za zamani, mguu wa tembo. Tatizo ni kwamba jinzi za kubana zina nyuzi za kunyumbuka ndani, na kikwembe, yaani kitenge ninachotaka kutia mguuni ili kuupanua, hakinyumbuki. Ukivishona pamoja, jinzi inavutika na kurudi, kikwembe kinabaki pale pale, na mshono unajikunja kama mdomo wa mtu aliyelamba limau. Mwaka jana nilijaribu. Ile jinzi leo ni kitambaa cha kuepulia sufuria.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, jua unashika nini. Kwanza vuta kitambaa kwa upana, pale kwenye paja. Kikigoma kabisa, ni pamba tupu au karibu na pamba tupu. Kikija kama mpira, kiache. Halafu chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, zisogeze kwenye makaa ya mbabula. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi, inaacha jivu linalopotea ukilisugua kwa vidole. Nyuzi za kiwandani zinayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Za baba ziliacha jivu. Mama, aliyekuwa akigeuza bukari, yaani ugali, pembeni, aliniuliza kama sasa nimeanza kupika nguo.

Twende kwenye kufumua.

Nilivunja wembe mpya kati kwa urefu, nusu moja nikaizungushia plasta upande wa kushikia. Kuna kifaa maalum cha kufumulia, nimekiona kwa mafundi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, lakini wembe ndio ninaoujua tangu shuleni. Geuza jinzi, itazame kwa ndani. Kila mguu una mishono miwili mirefu. Ule unaopita ndani ya mapaja, kwenye jinzi nyingi, vitambaa viwili vimekunjwa vikamezana, halafu vikapigwa mistari miwili ya uzi. Huo uache. Wembe wako utakata kitambaa kabla haujamaliza uzi. Ule wa nje, unaoshuka kutoka mfukoni hadi chini, mara nyingi ni mshono wa kawaida uliozungushiwa uzi kwenye kingo. Huo ndio mlango.

Unaanza na pindo, na hapa mtu yeyote wa mji huu ana ujuzi tayari, hata kama hajawahi kushika sindano. Umewahi kufungua mfuko wa unga wa kilo 25? Ule uzi mweupe wa juu: ukianzia mwisho wake sahihi, ukavuta, unatiririka wote, trrrr, na mfuko unafunguka kama kinywa. Ukianzia mwisho wa pili unafunga fundo, unaishia kuita mtu alete kisu. Pindo la jinzi za zamani limeshonwa kwa mnyororo huo huo. Kwa nje unaona mstari wa kawaida, kwa ndani unaona vitanzi vinavyoingiliana kama suka. Kata uzi mahali pamoja, jaribu kuvuta upande huu, ukigoma vuta upande ule. Mguu wa kushoto ulitoka kwa mvuto mmoja. Wa kulia ulikuwa umeshafumuka zamani na mama akaurudishia kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu asiyetaka mume wake achekwe. Ule ulinichukua saa nzima.

Ndani ya kunjo la pindo nilikuta vumbi. Vumbi letu, jekundu, limeshikana kama unga wa matofali, mstari mzima kuzunguka mguu. Nguo ilikuwa imefuliwa mara ngapi? Na bado lilikuwa limekaa pale. Nilikung'uta juu ya gazeti, likajaa kijiko cha chai. Na chini ya vumbi, kitambaa chenyewe kilikuwa buluu ya giza, karibu nyeusi, ukanda mwembamba wa sentimita moja na nusu. Hiyo ndiyo rangi patalo yote ilikuwa nayo siku inatoka kiwandani.

Nilichomoa uzi mmoja pale, nikaukata kwa wembe, nikaumulika na taa ya simu. Katikati mweupe. Rangi ya nili inashika ngozi ya uzi, haifiki moyoni. Kila unapoinama, unapokaa, unapofua, ngozi inatoka kidogo na weupe unachungulia. Tena nyuzi za buluu ni zile zinazosimama tu. Zinazolala ni nyeupe, ndiyo maana jinzi ikigeuzwa ni ya kijivujivu. Kwa hiyo kupauka kwa jinzi ni ramani ya mwili wa mtu aliyeivaa. Ya baba ina alama mbili nyeupe za magoti, na kwa kuwa yeye ni mrefu kuliko mimi, magoti yake yanakuja sentimita tano chini ya yangu. Wapo watakaokushauri uipeleke yote kwenye javeli, dawa ya kung'arisha nguo, ili rangi ilingane. Mimi naona huo ni uharibifu. Javeli inachosha pamba, na magoti ya baba nayataka.

Siku ya pili ya kufumua ndipo baba alipoingia.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, mguu mmoja wa patalo umefunguka kutoka pindo hadi gotini, nyuzi zimejaa mapajani. Alisimama mlangoni na gazeti lake. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"We mutoto, ile patalo yangu unaikata juu ya nini?"

"Siikati, baba. Naifumua."

"Na iko tofauti gani?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mshono wa ndani na wa nje. Hakunisikiliza. Alikuwa ameokota kitu kwenye mkeka: riveti, kile kimsumari kifupi cha shaba kinachoshika kona ya mfuko. Kona ya mfuko wa kushoto ilikuwa imechanika, riveti ikawa inaning'inia kwa nyuzi mbili, nikaitoa kwa koleo ili nishone pale vizuri. Baba aliiweka kwenye kiganja, akaigeuza kwa ukucha. Nimkumbushe msomaji kwamba huyu ni mtu aliyefanya kazi miaka mingi mahali shaba inapoyeyushwa, anayeweza kukuambia kwa kutazama rangi ya moto kama leo mambo yanaenda vizuri. Alitoka bila neno. Akarudi na sumaku ya spika ya redio iliyokufa.

Akaisogeza kwenye riveti. Kimya. Haikusogea.

"Njo shaba hii," akasema, sauti imebadilika.

Kisha akataka jinzi zangu. Nikaleta ile moja ya kubana iliyobaki nzima. Sumaku ilirukia riveti ya kwanza, tak, ikanata. Ya pili, tak. Kifungo cha kiunoni, tak. Baba alicheka kicheko cha mtu aliyethibitisha jambo alilokuwa akilisema miaka kumi. "Ona sasa. Hii haiko shaba. Ni chuma ya kupaka rangi. Banakuuzia chuma, katika Lubumbashi!"

Usiku ule nilimsomea kwenye simu habari za mtu aliyeanzisha jambo hili, na alisikiliza kuliko alivyonisikiliza mimi kuhusu mishono. Jacob Davis alikuwa fundi wa kushona katika mji wa Reno, Nevada, huko Marekani. Mke wa mfanyakazi mmoja alimwomba suruali isiyochanika, kwa sababu ya mumewe zilikuwa zinakwisha mifukoni. Davis alikuwa na riveti za shaba alizotumia kwenye blanketi za farasi. Akazipiga kwenye kona za mifuko. Wateja wakaongezeka mpaka akaogopa kuibiwa wazo, akamwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, waombe hati ya ubunifu pamoja. Waliipata tarehe 20 Mei 1873. Wachimbaji wa madini walikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo.

"Bachimbaji," baba akarudia. Akanyamaza. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, kwa sababu ya shaba. Miaka ya Mobutu hata jimbo zima liliitwa Shaba mpaka 1997. Ukisimama mwisho wa barabara yetu hapa Katuba, hewa ikiwa safi, unaona lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa masalio uliolala pembeni yake. Sijui alikuwa akiwaza nini. Riveti ile aliitia kwenye kopo lake la maziwa ya unga, lenye vipande vya malakiti, jiwe la kijani la shaba, na funguo zisizo na milango. Patalo hakuitaja tena usiku huo, nami nikachukua kimya chake kuwa ruhusa. Wanasheria wataniambia kama nilikosea.

Sasa vipande. Mguu wa patalo kwa chini ulikuwa na mzunguko wa sentimita 42. Nilitaka 62, kwa hiyo kila mguu niuongezee 20. Unakata pembetatu, msingi wake sentimita 20 na moja na nusu kila upande ya mshono, jumla 23. Urefu kutoka chini hadi gotini ni 42, ongeza nne za pindo na ncha, 46. Hesabu ya darasa la sita, lakini niliifanya mara tatu kwa kalamu nyuma ya kadi ya mayunite, kwa maana kikwembe nilichokuwa nacho kilikuwa kidogo.

Kikwembe hicho kina historia yake. Ni masalio ya harusi ya binti wa tanti, ambapo familia nzima ya upande wetu tulivaa aina moja: mbayuwayu weupe wanaoruka juu ya rangi ya chungwa. Mama alinunua pisi nzima, yadi sita, akagawa vikwembe vitatu vya yadi mbili mbili: chake, changu, cha mdogo wangu. Fundi aliponishonea libaya langu, yaani blauzi, alinirudishia kipande cha sentimita 36 kwa 50. Kilikuwa kimekaa kwenye mfuko wa plastiki miaka mitatu kikisubiri kazi. Nilikifua kwanza, kwa maji ya moto, nikakianika, nikakipiga pasi ya makala. Usiruke hatua hii. Kikwembe kipya kinarudi nyuma kikiguswa na maji, na kama umeshakishona kwenye jinzi iliyofuliwa miaka thelathini, kitajivuta peke yake na kukuachia miguu iliyojikunja kama nyasi kavu.

Pembetatu mbili za msingi wa 23 haziingii kwenye upana wa 36 zikiwa zimesimama pamoja, zinataka 46. Lakini ukiisimamisha moja na kuigeuza nyingine kichwa chini, ubavu kwa ubavu, zinakula sentimita 34 na nusu tu. Nilifurahi sana nilipoliona hilo. Nikachora kwa kipande cha sabuni, nikakata, hata hakikubaki kitambaa cha kufutia miwani. Nilijisifu peke yangu. Shikilia hapo hapo, tutafika.

Mashine yetu ni Singer nyeusi ya kukanyaga, ya nkambo, mzaa mama. Umeme ukienda yenyewe inaendelea, na kwa jinzi naiamini kuliko za umeme, maana mahali pazito unaacha kukanyaga, unazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja. Kosa langu lilikuwa sindano. Niliyoikuta kwenye mashine ilikuwa nambari 14, ya libaya na shuka. Ilivuka pembetatu ya kwanza vizuri, ikafika kwenye pindo ambapo mshono wa jinzi unakutana na kikwembe kilichokunjwa, ikasema ka, ncha ikaruka, nikaisikia ikigonga bati la dirisha. Ya pili, ile ile nambari 14, kwa sababu mimi ni mtu wa kuamini kwamba safari ya pili itakuwa tofauti. Ka. Asubuhi nikaenda sokoni kununua nambari 16. Muuzaji aliuliza nashona nini. Nilipomwambia, akaniongezea ushauri bila kulipisha: paka sabuni kavu juu ya mshono mzito, sindano ipite kama kwenye siagi, na uponde kwanza.

Uponde. Nikaponda. Nyumbani kwetu hakuna nyundo inayokaa mahali pake, lakini mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, upo daima. Nikauvingirisha kwenye taulo, nikaweka pindo juu ya kizingiti cha saruji, nikapiga, tu, tu, tu, mpaka tabaka sita za kitambaa zikalala kama mbili. Mama alitoka jikoni mbio.

"Mchi wa sombe kwenye patalo ya mwanaume?"

"Nimeuvika taulo, mama."

"Kesho sombe ikinuka miguu, utakula peke yako."

Sombe haikunuka. Mshono ulipita. Urefu wa tundu niliuweka kama milimita tatu na nusu, zaidi ya ule wa libaya. Ukibananisha matundu kwenye jinzi unatoboa mstari kama stempu, na kitambaa kinakatika hapo hapo. Kazi ngumu kabisa ni ncha ya pembetatu, pale gotini. Ukikimbilia hapo na mashine, kitambaa kinajikusanya na kufanya kitovu. Mimi nilishona upande mmoja kutoka chini hadi ncha, nikasimama, nikakata uzi, nikaanza tena chini upande wa pili hadi ncha. Halafu ncha yenyewe nikaimalizia kwa mkono, mishono kumi na miwili. Nilihesabu kwa sababu kila mmoja ulinichoma.

Jumamosi jioni nikaivaa mbele ya kioo cha kabati. Mguu wa kushoto ulikuwa mzuri kuliko nilivyowazia: buluu iliyopauka, kisha kwenye goti chungwa inachomoza kama mwali, na mbayuwayu wanapanda. Nikageuka. Mguu wa kulia, mbayuwayu walikuwa wanashuka. Vichwa chini, mikia juu, kundi zima linakwenda kugonga kiatu changu.

Nilikaa kitandani nikaipigia hesabu. Pembetatu moja ilisimama na nyingine ikageuzwa kichwa chini. Ubavu kwa ubavu. Akili yangu yote ya kubana kitambaa, na sikukumbuka kwamba ndege wana kichwa. Kwa kikwembe cha maua au cha mistari ya kuzunguka hakuna ambaye angejua. Kama chako kina ndege, samaki, viti, herufi au sura ya mtu, nunua kitambaa cha kutosha. Hasa sura ya mtu. Fikiria kikwembe cha mkutano fulani, mheshimiwa amesimama kwa kichwa kwenye mguu wako.

Sikufumua. Nilishafumua jioni tatu, vidole vyangu vilikuwa vinanuka chuma. Mdogo wangu alikuja, akazunguka, akasema ni staili, watu wataiga. Simwamini, lakini nilikubali haraka.

Kiuno nitakisema kwa ufupi. Patalo ilikuwa nambari 34, yaani kama sentimita 86, nami nilitaka 80. Mafundi wenye haraka wanatia mikunjo miwili pembeni, na ukivaa mkanda inavimba kama mkate. Fungua nyuma katikati: toa kile kitanzi cha mkanda, fumua ukanda wa kiuno na mshono wa makalio kidogo, punguza sentimita tatu kila upande kwa kupunguka taratibu mpaka sifuri, rudisha. Sita ndiyo mwisho. Hata kwa hizo sita mifuko ya nyuma imesogeleana kama macho ya mtu anayetilia shaka.

Mama alipoiona nimeivaa, alipitisha mkono kwenye kiuno, akavuta, akaangalia mshono kwa ndani, kwa maana yeye hutazama ndani kwanza. Mama hajawahi kuvaa patalo. Alikuwa msichana wakati wa Mobutu, siasa ya kurudia asili ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 70, wanaume wakaacha suti na tai wakavaa abakosi, koti lisilo na tai, wanawake wakaambiwa suruali si vazi lao, wavae kikwembe. Tai ilirudi 1990, na mabinti zake tukavaa tunachotaka, lakini yeye aliniambia miguu yake ilishazoea hewa. Akakaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda.

"Na ukifumua ule mshono wa ndani, wa mapaja, juu mpaka chini," akauliza, "si inakuwa sketi?"

Inakuwa. Unafumua huo mshono wa kumezana, jioni nne ukiwa na subira, unalaza miguu miwili pamoja, na katikati mbele na nyuma unaweka kipande. Nilimwambia kitambaa cha kipande kitatoka wapi, mbayuwayu wamekwisha. Akasema anacho chake kizima cha yadi mbili, na safari hii ndege wote waangalie upande mmoja. Kilichokosekana ni jinzi nene ya pamba, isiyonyumbuka. Tukatazamana. Kwenye sanduku la bati ipo nyingine, nyeusi, ya baba pia.

Jumatatu baba alitoka mjini na kufuli mpya. Alilitia kwenye sanduku mbele yetu sote, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akasogeza sanduku kwa mguu mpaka ukutani. Halafu, kama anavyofanya na kila ufunguo wa nyumba hii, akampa mama autunze.

Sindano nambari 16 zimebaki tatu.